Ua la Masolwa Likifumba

SEHEMU YA TISA

Nisameheni, wasomaji. Wiki nzima nimemwacha Apolinaria amechuchumaa kwenye umande, mbele ya shina lililokatwa kwa kisu, na yowe linatoka nyumba ya jirani. Bwana mmoja wa Urambo ameniandikia kwamba hakupata usingizi kwa ajili yangu. Pole, bwana. Apolinaria naye hakupata.

Yowe lilikuwa la Tekla, wifi yake.

"Jamani, njooni! Baba anakufa!"

Apolinaria aliruka juu. Akapenya kwenye wigo wa minyaa, miguu mitupu, matope hadi magotini, kibunda cha uzi mweupe bado kimemning'inia mkononi. Nyumba ya baba mkwe wake, mzee Masolwa, ilikuwa pale pale upande wa pili, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora mjini kwenda Kipalapala.

Alikuta chumba kimeshajaa watu.

Mzee Masolwa alikuwa amelala chali. Macho wazi, lakini hayamwoni mtu. Povu limekauka pembeni mwa mdomo. Kifua kilipanda kwa taabu, kikashuka, kikakaa kitambo kabla ya kupanda tena.

Na juu ya kifua hicho, juu ya shuka jeupe, mtu alikuwa ameweka ua.

Jekundu. Si wekundu wa pilipili wala wa matofali. Wekundu mzito unaokaribia weusi, na kooni njano ya kiini cha yai.

Nitawaambia ukweli, mkitaka mnilaumu. Jambo la kwanza lililomjia Apolinaria halikuwa huruma. Lilikuwa furaha. Miaka mitatu aliingoja rangi ile, hajawahi kuiona popote, na sasa hii hapa, imetoka nzuri kuliko alivyoiota. Ulimi ukamtangulia.

"Langu!" alisema. "Hilo ua ni langu!"

Chumba kizima kikamgeukia.

Ndipo alipoelewa amesema nini, akauma ulimi.

Kwa wewe unayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza upesi, wenzako wana haraka. Apolinaria ni mke wa Kasimiri, gadi wa treni ya Mwanza. Wana ndoa ya Kanisa ya miaka kumi, na hawana mtoto. Ana maua. Maua ya siku moja, yale yenye majani marefu kama ya mchaichai, yanayofunguka alfajiri, yakifumba jioni ndiyo basi. Shina la kwanza aliliokota jaani, lilikotupwa na mke wa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Mengine aliletewa na Kasimiri, maana mastesheni masta wote wana ugonjwa wa bustani: la njano lilitoka Dodoma, la rangi ya chungwa Kigoma, la hudhurungi Malagarasi, kila moja limeviringishwa kwenye gunia bichi chini ya kiti cha gadi.

Kila asubuhi ya msimu wa mvua, Apolinaria huchukua unga wa ua hili akalipaka ua lile, kisha hufunga uzi kuwa alama. "Nafungisha ndoa," husema. Majirani walimcheka, wakamwita padri wa maua. Mbegu hupandwa, miaka hupita, na mche mpya huupa jina la mtu anayempenda, kama mtoto anavyorithishwa jina la babu yake. Mtoto wake wa kwanza wa kiume angeitwa Masolwa. Hakuja. Basi mche aliokuwa anautazamia kuliko yote akauita Masolwa, na ndio huo uliokatwa ua lake alfajiri.

Na huongea nayo. Huyaamkia asubuhi, huyagombeza jioni. Ndiyo mazoea yake, na mazoea yana taabu.

Sasa turudi chumbani.

Mwamvita, mwuza vitumbua wa nyumba ya nyuma, alisogea mbele. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa anatetemeka.

"Mimi sitaki kumzulia mtu," alisema. "Lakini jana alasiri nilikuwa naanika mchele pale wigoni. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema: Masolwa, kesho ndiyo siku yako. Asubuhi utafunguka, jioni utakuwa umekwisha."

"Mayu wee!" mama mmoja akalia.

"Ni kweli?" Aliyeuliza alikuwa Lugembe, mwanangwa wa kijiji, mkubwa wao wa pale, amevaa koti lake kuukuu alilorudi nalo kutoka vita ya Burma.

"Shikamoo, mwanangwa," alisema Apolinaria.

Lugembe hakuitikia. Kwetu Tabora, mtu mzima akikunyima marahaba, ujue ameshakuhesabu na wafu.

"Nimekuuliza, mama. Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema. Lakini nilikuwa naongea na ua, mwanangwa."

Hata yeye mwenyewe alisikia jinsi maneno yale yalivyokaa vibaya.

"Na huo uzi mkononi? Bustani yako nzima ina mafundo. Umemfunga nani?"

"Sijamfunga mtu. Nimeyafungisha maua ndoa."

Kijana mmoja alicheka, kicheko cha hofu, kikakatika hapo hapo.

"Mpelekeni hospitali!" Apolinaria alipaza sauti. "Mnasimama mnanitazama mimi? Tafuteni machela! Mzee amekula sumu!"

"Umejuaje kama ni sumu?"

Sauti ilitoka mlangoni, taratibu, ya mtu asiye na haraka. Watu wakampisha bila kuambiwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shuka jeusi begani, kuku mweupe kwapani. Kuku hakupiga kelele. Alikuwa Shilinde, mfumu wa Puge, mpiga ramli ambaye wengi walimjua kwa jina na wachache walitaka kumjua kwa sura.

"Nimeona povu," alisema Apolinaria. "Mtu yeyote akiona povu..."

"Nimeliona na mimi. Sikusema sumu."

Akainama juu ya mgonjwa. Akaliinua ua kwa vidole viwili, akaliweka kwenye bakuli la maji, akaliweka bakuli juu ya kigoda karibu na kichwa cha mzee.

"Pumzi yake imo humu," alisema. "Mmesikia wenyewe alivyofungwa. Asubuhi kufunguka, jioni kwisha. Ua hili likifumba, na yeye anafumba. Sina haja hata ya kumpasua kuku."

"Basi tumkimbize hospitali sasa hivi!" alisema Apolinaria.

"Akivuka kizingiti hiki, amekufa. Anayetaka kumbeba, ambebe. Mimi nimesema."

Nani ambebe? Wanaume wote walianza kutazama miguu yao.

Lugembe alikuwa na hofu mbili: ya Shilinde, na ya serikali. "Shilinde, mambo haya yamekatazwa. Bwana Shauri wa wilaya akisikia ramli imepigwa kijijini kwangu, koti hili nitalivulia gerezani."

"Mimi nimemgusa nani? Tungoje jioni. Macho yenu ndiyo mashahidi."

Mwanangwa akafikiri, akachagua njia ya mwoga, yaani njia ya katikati.

"Apolinaria, utakaa humu na mgonjwa. Kama umemfunga, mfungue. Ua likifumba na mzee yu hai, utakwenda zako. Mzee akifa nalo..."

Hakumaliza. Mtu wa nje akammalizia: "Tunamchomea humo humo!"

Na hakuna aliyemkemea.

Hebu fikiri, msomaji. Watu wote wale walikuwa wanangoja kuona kama ua litafumba. Mmoja tu alijua kwamba litafumba, liwe jua, iwe mvua, asali mtu rozari au atoe kafara. Hajapata kuliona ua la namna ile likiamkia siku ya pili. Mlango ulipofungwa, Apolinaria alikaa chini sakafuni kama mtoto.

*

Wanaume wawili waliwekwa mlangoni. Dirisha lilikuwa dogo, la nondo za mti.

Apolinaria aliogopa. Sitaki kumpamba. Kuna mashujaa wa hadithi ambao hofu huwapitia mbali. Yeye ilimkaa karibu, kila mtu akikohoa nje anadhani ndio wamekuja. Alimwomba Bikira Maria, akasahau sala katikati, akaanza tena, akasahau pale pale.

Mzee akakoroma. Hapo ndipo alipoinuka. Akamgeuza ubavu ili asipaliwe, akampangusa mdomo kwa ncha ya khanga.

"Baba," alisema, "usiniache leo. Siku nyingine yoyote, lakini si leo."

Na haikuwa kwa ajili ya moto peke yake. Mzee yule alikuwa ngao yake. Krismasi iliyopita ndugu walipokaa kikao wakasema mwanamke huyu anazaa maua tu, Kasimiri atafutiwe mwingine, mzee Masolwa aligonga bakora sakafuni. "Mke ni huyu. Kanisa halina talaka, na mimi sina masikio ya kusikia habari ya mke mwingine nikiwa hai." Ndugu walinywea. Kasimiri alicheka, akasema baba amemaliza maneno, akamwomba mkewe amwongezee chai.

Chini ya kitanda mguu wake uligonga kitu. Kibuyu. Ndani kulikuwa na masalia ya uji. Akanusa. Harufu ilikuwa ya uji, lakini aliponusa tena, chini yake kulikuwa na kitu kingine, kichungu, kama mizizi mibichi iliyopondwa.

"Wifi." Sauti ndogo, dirishani.

Alikuwa Tekla. Macho yamemvimba kwa kulia.

"Wifi, niambie ukweli. Ulimfanya nini baba?"

"Hata wewe, Tekla?"

"Sijui! Sijui nimwamini nani!"

"Basi nijibu mimi kwanza. Nani alimpikia baba uji leo?"

"Sikupika uji mimi. Nilipoamka nilimkuta hivyo hivyo. Nilidhani umemletea wewe."

"Sikuja huku. Nilikuwa bustanini tangu kunapambazuka." Apolinaria akasogea karibu na nondo. "La pili. Nani amemwita Shilinde?"

"Hakuna aliyemwita. Alikuwa anapita tu."

"Anapita kutoka Puge? Na kuku? Puge na hapa ni safari ya siku mbili kwa miguu, Tekla. Baba ameugua leo. Shilinde alianza safari lini?"

Tekla alifungua mdomo. Akaufunga kwa kiganja.

Wanawake wawili wakatazamana kupitia nondo zile, na kila mmoja aliona hofu yake kwenye uso wa mwenzake. Kuna mtu alijua juzi kwamba mzee ataugua leo.

"Sikiliza," alisema Apolinaria. "Usimwambie mtu. Kaka yako anarudi na treni ya jioni. Yeye anayajua maua haya yote, kayabeba kwa mikono yake. Akiwaambia ni maua tu, watamsikiliza, ni mtoto wa mzee. Nenda stesheni. Kaa hapo hapo mpaka treni ilie. Ikilia tu, mlete mbio."

"Na ua likifumba kabla treni haijaingia?"

Apolinaria alipitisha mkono kwenye nondo, akamsukuma bega. "Nenda," alisema.

Tekla akaenda. Kutoka pale hadi stesheni unasikia treni ikilia, ukitega sikio. Na siku ile Apolinaria alitega masikio yote mawili.

*

Asubuhi mungu wa wakulima alimhurumia. Wingu lilitanda. Wingu na baridi huyachelewesha maua yale, aliwahi kuona hivyo. Ua lilikaa wazi kwenye bakuli lake, jekundu, zuri, halina habari ya mtu. Alilichukia. Akalipenda. Akalichukia tena.

Mwamvita alikuja dirishani na kikombe cha maziwa.

"Shika," alisema, hamtazami usoni. "Kama wewe ni mchawi au si mchawi mimi sijui. Lakini mzee ni mzee."

"Mwamvita, tuseme ukweli mimi na wewe. Tumekaa jirani miaka mingapi? Huwa unanisikia naongea na maua?"

"Kila siku. Unayasema mpaka unanichekesha."

"Sasa jana kulikuwa na nini?"

Mwamvita alikunja uso. "Jana kulikuwa na jina la mtu. Hukuwahi kunitajia kwamba ua nalo lina jina la mtu. Nani anajua kitu kama hicho?"

Akarudi kwenye vitumbua vyake. Lakini swali alikuwa ameliacha ndani, na Apolinaria akabaki nalo. Nani anajua? Nani alijua kwamba mche ule unaitwa Masolwa, na kwamba utafunguka leo? Moyo ulitaka kumjibu, akaukatiza. Akachukua kijiko, akaanza kumtia mzee maziwa, tone kwa tone. Mengine yalirudi. Mengine yalipita.

Adhuhuri wingu likapasuka.

Jua la Tabora mnalijua. Liliingia kwa dirisha likaangukia bakuli moja kwa moja, na wekundu ule, rangi nzito isiyopenda jua, ukaanza kupauka pembeni. Apolinaria alivua khanga ya juu akaitandaza dirishani kuweka kivuli.

"Toa!" mlinzi mmoja alifoka. "Unafanya nini humo?"

"Naweka kivuli tu, baba."

"Toa nimesema!"

Akatoa.

Alasiri petali ya kwanza ikalegea. Akaishika kwa kidole, akaisukuma nyuma, ikarudi. Akasukuma tena. Ikamkunjia kidole, laini kama mkono wa mtoto mchanga. Kwa hofu aling'oa kijiti kwenye ukuta, akataka kukipitisha ili petali zibaki wazi kwa nguvu. Akainua macho.

Shilinde alikuwa amesimama dirishani. Haijulikani tangu lini.

"Endelea," alisema kwa upole. "Mimi sijaona kitu."

Kijiti kikamdondoka.

"Nani amekuita?" Apolinaria alinong'ona.

"Aliyeniita anakujua, mama. Anajua hata asubuhi unaanza kuliamkia lipi."

Akatabasamu kidogo. Halafu akaondoka, na Apolinaria akasikia watu wa nje wakinyamaza kila anapopita.

Kutoka wakati ule hakuligusa tena ua. Alikaa kitandani, kichwa cha mzee kwenye mapaja yake, akahesabu pumzi. Inapanda. Inashuka. Inakaa. Panda, baba. Inapanda. Treni, lia basi. Lia.

Treni haikulia.

Jua likashuka nyuma ya miombo. Petali zikakutana moja baada ya nyingine, bila haraka, na nje mtu akapiga kelele: "Linafumba!" Mlango ukasukumwa. Waliingia wengi mpaka ukuta ukawapigia kelele. Mmoja ameshika kijinga cha moto, ananuka moshi. Apolinaria alimkumbatia mzee, akafumba macho, maana hakutaka kuona kitakachomjia kwanza.

Ua likafumba. Halikuacha hata upenyo.

Watu wakampisha mwanangwa.

Lugembe alipiga goti. Akaweka sikio kwenye kifua cha Masolwa. Akakaa hapo muda mrefu, mpaka mwenye kijinga akabadili mkono.

Alipoinua uso, alikuwa na jasho.

"Anapumua," alisema.

"Sikiliza vizuri, mwanangwa!"

"Nimesema anapumua! Tena vizuri kuliko asubuhi. Njoo wewe usikilize, kama una sikio." Akasimama. Hasira ya mtu aliyekuwa anaogopa kutwa ikapata pa kutokea. "Ua limekufa, Masolwa yu hai. Mmeona? Nani alisema kuchoma? Wewe na hicho kijinga, toka! Shilinde yuko wapi?"

Walimtafuta. Kuku mweupe alikutwa nje anadonoa mchele wa Mwamvita. Mwenyewe hakuonekana, wala hakuna aliyemwona akiondoka.

Mwamvita alipiga vigelegele, halafu akaangua kilio. Apolinaria alitaka kusimama akashindwa. Alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wanaume, akasema asante Mungu, asante Mungu, asante baba.

Ndipo vidole vya mzee vilipomshika mkono.

"Baba!"

Macho yalikuwa yanaona. Yalimwona yeye. Midomo ikahangaika, na sauti ikatoka kama ya mtu anayeburuta kitu kizito.

"Uji..."

"Una njaa, baba? Ngoja..."

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima yule, aliyewahi kumfukuza chui zizini kwa rungu, alikuwa anaogopa.

"Asinipe... asinipe tena..."

"Nani, baba? Nani asikupe?"

"Hodi! Hodi humu ndani! Baba yuko wapi?"

Watu wakageuka wakapiga kelele za furaha. Kasimiri! Kofia ya gadi kichwani, taa yake mkononi, viatu vimejaa vumbi. Apolinaria alimrukia shingoni kabla hajavuka kizingiti. Kutwa nzima alikuwa amemwita mtu huyu, na sasa amekuja, na mwili wote ukalegea kwa faraja.

"Pole, mke wangu," alisema Kasimiri, anampigapiga mgongoni. "Nimesikia njiani. Pole sana. Nimeshafika."

"Utusamehe, Kasimiri," Lugembe alisema, kofia mkononi. "Tulidanganywa. Mkeo hana kosa, tumeona wenyewe."

"Yamekwisha, mwanangwa. Niacheni sasa na baba yangu na mke wangu. Wamechoka."

Ni haki. Nani abishane na mtoto wa mgonjwa? Wakatoka mmoja mmoja wakisema pole, ugua pole, Mungu ni mwema. Sauti zao zikaishia njiani.

Kasimiri alikiinua kibuyu kutoka chini, akakitazama, akakiweka pembeni.

"Baba hajala kutwa?"

"Maziwa kidogo tu."

"Basi nitamkorogea uji mwenyewe."

Mkono wa mzee ulikuwa bado umeshika mkono wa Apolinaria. Kucha zikamwingia nyamani. Apolinaria alimtazama mzee, akamtazama mumewe, na lile jibu alilolikatiza asubuhi likaanza kumrudia, polepole.

"Umeingia sasa hivi?" aliuliza.

"Sasa hivi. Treni haijasimama vizuri, nikaruka."

"Tekla alikuja kukupokea. Hukumwona?"

"Nimemwona. Nimemwachia mizigo, anakuja nyuma."

Kasimiri akaenda mlangoni. Akachungulia nje, kushoto, kulia. Akaurudisha mlango, akatia komeo.

Na hapo, kutoka mbali, upande wa stesheni, treni ya Mwanza ikalia. Ililia mara moja, kwa kirefu, vile inavyolia kila jioni inapoingia Tabora.

Apolinaria aliinua macho. Kasimiri naye alikuwa ameisikia. Alikuwa amesimama na mgongo wake mlangoni, anamtazama.